Mashine Aliyoondoka Nayo Dada

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alasiri. Nilipotoka kazini nilikaa sebuleni nikaisikiliza juu ya bati. Ndipo nikatambua kwamba huu ni mwezi wa saba sauti za nyumba hii ni tatu tu: bati, friji na kijiko ndani ya kikombe.

Nimeamua kununua mashine ya kuchezea diski. Nimeandika hapa ili nisigeuke. Daftari lenyewe nimepewa bure na wakala anayetuuzia plasta kazini, na jalada lina picha ya jino linalocheka.

Nina amplifaya ya zamani iliyo nzima, spika mbili zinazonifika kiunoni, viti viwili vinavyozitazama, na diski arobaini na sita. Hizo diski si za kawaida. Tulizinunua mimi na Dada kwa miaka kumi na minane, moja moja, kama watu wanavyonunua vyombo vya arusi. Nyingi zina tabaka mbili. Tabaka moja husomwa na mashine yoyote, na la pili, lenye sauti safi, linataka mashine maalumu. Tulikuwa nayo. Dada alipoolewa, akiwa na miaka hamsini na saba, alikuja na gari la mizigo siku ambayo mimi niko kazini. Alichukua nguo zake, cherehani na mashine. Akaacha ufunguo juu ya meza.

Sikumpigia simu. Naye hakunipigia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda duka la vyombo vya muziki lililo ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Nikamweleza ninachotaka.

"Diski!" akasema. "Mama, siku hizi watu wananiuliza waya wa kuchajia simu. Kaa, kaa hapa."

Akanitolea tatu. Ya kwanza ni nyembamba, nyepesi kama sahani ya bati, na inasoma kila aina, hata filamu. Nikaigeuza nyuma. Haina matundu mekundu na meupe ya kuunga amplifaya. Sauti inatoka kwa waya wa televisheni tu, na amplifaya yangu haijui televisheni ni nini. Nikairudisha. Ya pili ni mpya, nzito, ya muziki peke yake. Ya tatu imeshatumika. Ni pana na nyeusi, trei yake inatoka polepole kama mtu anayeamka. Inasoma aina zote na ina matundu yote, ila leza yake imeshabadilishwa mara moja.

"Unataka nikuchagulie?"

"Hapana. Meno hayachaguliwi dirishani, yanajaribiwa mdomoni."

Akacheka, akauliza kazi yangu. Nikamwambia ni fundi wa meno ya bandia. Akafunga mdomo haraka. Watu wote hufanya hivyo.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kazi. Viazi.

Jumatano, 20 Machi

Nimezipanga diski zote sakafuni. Thelathini na tisa ni za aina ambayo ile mpya inaisoma. Saba ni za aina nyingine, na zitasomwa na ile nyeusi tu. Katika hizo saba, tano alizichagua Dada. Hata akiwa hayupo ananipangia.

Jumamosi, 30 Machi

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Mwenye duka alikuwa ameziunga mashine mbili, ile mpya na ile nyeusi, kwa amplifaya moja, na kitufe cha kubadilisha kutoka moja hadi nyingine. Nilikuja na diski yangu, ile ya kinanda na zeze. Dukani alikuwepo mteja mwingine, bwana mwenye koti la mvua ambaye mwenye duka anamwita Bwana Masikio. Huja kusikiliza tu. Hanunui kitu.

Wimbo ukaanza. Mwenye duka akabonyeza kitufe. "Hii ya kwanza." Akabonyeza tena. "Hii ya pili."

"Ah!" Bwana Masikio akafumba macho. "Umeona? Ile nyeusi ina hewa zaidi huku juu. Zile kengele ndogo nyuma, zinametameta. Kwenye hii mpya zimekauka kidogo. Au siyo, mama?"

Kengele gani? Nina diski hii mwaka wa kumi na moja. Nilikaza masikio mpaka shingo ikaniuma. Nilisikia kinanda, nilisikia zeze, nilisikia mvua dirishani. Kengele sikuzisikia, kwenye mashine ya kwanza wala ya pili.

"Ndiyo," nikasema. "Zinametameta."

Tukatikisa vichwa kwa furaha, watu watatu tuliokubaliana. Mwenye duka akaniuliza basi nachagua ipi. Nikasema nitafikiri, nikateremka ngazi mbio mbio nikasahau mwavuli.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Nimekaa kwenye kiti changu na kile kingine kitupu ubavuni. Nakumbuka sasa kwamba Dada alikuwa akigeuka kila mara na kuniuliza, "Umesikia hapo?" Nami nilikuwa nikijibu, "Nimesikia." Sijui ni tangu lini nilikuwa nasikia, na tangu lini nilikuwa najibu tu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeunguza meno ya watu wanne.

Tanuri la karakana hupiga mlio wa juu likifika joto lake, halafu mtu alizime. Nilikuwa nimeligeuzia mgongo, nasafisha kalibu ya plasta. Daktari wa meno akaja kutoka chumba cha wagonjwa, kilicho mwisho wa ukumbi, amekunja uso.

"Husikii? Linalia robo saa nzima!"

Nikageuka. Moshi. Nta ilishakuwa maji, na meno yamelala humo kama mawe mtoni.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alivuta stuli akakaa karibu nami. "Miaka thelathini na zile mashine za kusagia," akasema polepole. "Nenda kapime masikio. Nakuomba. Usiponiletea majibu sitakupa kazi ya tanuri."

Nimetengeneza nusu ya tabasamu za mji huu, na wenye nazo hawanijui kwa sura. Kazi hii ikiniponyoka, atakayejua kwamba nilikuwepo ni huyu daktari na yule wakala wa plasta.

Jumatatu, 8 Aprili

Miadi ya masikio ni tarehe kumi na nane. Barabara ya nyuma imekuwa mto. Sijaenda dukani.

Alhamisi, 18 Aprili

Kliniki ya masikio ina ukumbi mrefu wenye benchi moja. Nilifika saa tatu asubuhi. Nilipoketi nikaona koti ninalolijua, la kijani, na ndani yake mtu ninayemjua. Shemeji yangu. Mume wa Dada.

Lazima niandike ukweli kuhusu huyu bwana, au kuhusu mimi. Tangu siku ya kwanza sikumpenda. Akisalimia, vikombe vinatikisika. Akicheka, ndege wanaruka. Nilimwona mshamba, mtu asiyejua kwamba dunia ina sauti ya chini. Wiki moja kabla ya arusi nilimwambia Dada, tena jikoni kwetu, "Umri wote huu umesubiri, ukaja kuolewa na tarumbeta?" Dada alikuwa anaosha sahani. Akaimaliza, akaifuta, akaiweka rafuni, akatoka. Hilo ndilo neno la mwisho la maana nililomwambia.

Sasa tarumbeta limekaa benchi moja nami, kofia magotini. Akaniona. Nikadhani atapaza sauti, ukumbi mzima ujue. Badala yake akatazama sakafu kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa.

"Shemeji," akasema, "usimwambie dada yako."

"Nisimwambie nini?"

Akagusa sikio la kushoto. "Hili limekufa zamani. La kulia linachechemea. Miaka ishirini na sita kwenye machimbo ya mawe, pembeni ya mashine ya kusaga kokoto. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini wanasema watanipa kifaa cha kuliamsha hili moja."

"Ndiyo maana unaongea hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwa nguvu."

"Kumbe naongea kwa nguvu?" Akauliza kweli, kwa nguvu. Muuguzi akachungulia dirishani.

Nikacheka. Sikutaka, nikacheka, na yeye akacheka, na kile kicheko nilichokichukia ukumbi mzima ukakisikia. Kiliponyamaza akaniuliza, "Na wewe umefuata nini hapa?"

Nikamweleza. Tanuri, kengele, duka, ile "ndiyo" yangu ya uongo. Sijamweleza mtu kitu kirefu namna hiyo tangu mwaka jana. Ilibidi nirudie mara mbili mbili, nihamie upande wake wa kulia.

"Mashine," akasema. "Unataka kununua mashine nyingine."

"Yetu ameichukua."

Akaigeuza kofia mikononi. "Shemeji, mimi si mtu wa kuingia kati ya ndugu. Lakini ile mashine iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Diski hana. Spika za maana hatuna. Nilimwuliza siku ya kwanza, hii ya nini? Akaniambia, 'Mdogo wangu ana kiburi. Mimi hatanifuata, lakini mashine ataifuata.' Kila Jumapili anapika cha watu watatu."

Muuguzi akaniita.

Waliniingiza kwenye kijumba chenye kuta za sponji, wakanivisha visikizio, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Humo ndani kimya kilikuwa kizito kuliko cha sebuleni kwangu. Nilibonyeza, nikabonyeza, kisha nikakaa muda mrefu bila kubonyeza, namtazama yule mpimaji nyuma ya kioo akizungusha kidude chake. Najua alikuwa ananipigia milio. Nilimwona akinisubiri.

Karatasi ina mstari unaokwenda tambarare, kisha unaporomoka kama ukingo wa shimo. Sauti za chini na za kati ninazo. Za juu zimekwenda na hazirudi. Daktari wa masikio anasema nivae vizibo kazini na nitafute tanuri lenye taa.

Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Ijumaa, 19 Aprili

Sikuandika jana yote. Niliporudi nyumbani nilililia neno "watatu".

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua kutwa nzima. Nimenyanyua simu mara nne. Wahenga wanasema meno ya mbwa hayaumani. Hawakuwahi kukutana na sisi.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekwenda.

Nilifunga diski nane kwenye mfuko wa plastiki, nikaweka juu zile tano alizozichagua yeye. Nilipanda basi, nikashuka kituo kimoja kabla, nikatembea ili nipate nafasi ya kughairi. Mvua ikanifukuza mpaka mlangoni kwake.

Dada akafungua. Amekonda kidogo mashavuni, na nywele sasa anaziacha na mvi zake.

"Umekuja na mvua," akasema.

"Imenikuta njiani."

"Viatu viache hapo, usinichafulie." Akageuka akaenda jikoni kana kwamba nilikuwa hapo jana. Nikamfuata nikiwa na soksi zilizolowa, nikiacha alama sakafuni. Mezani kulikuwa na sahani tatu. Nilizihesabu kwa macho, na yeye akaniona nikizihesabu.

Shemeji akatoka chumbani. Sikioni ana kidude kidogo cha rangi ya ngozi. "Karibu, shemeji," akasema, kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu anayesoma barua.

"Unamsikia?" Dada akaniambia. "Tangu Alhamisi ananong'ona kama mwizi. Mwaka na nusu namjua huyu mtu, nadhani mwenzangu ni mtu wa furaha, kumbe kiziwi!" Kisha akanitazama kwa yale macho yake. "Ananiambia mlikutana benchini. Lako hakulisema. Haya, una lipi?"

Nikamwambia. Alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini.

"Tangu lini?"

"Sijui. Labda miaka."

"Na ulikuwa unanijibu 'nimesikia'?"

"Ndiyo."

"Mwongo mkubwa wee." Lakini aliivua shali yake akanifunika mabega, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo.

Nikaona kama sitasema sasa sitasema tena. "Dada, lile neno nililolisema jikoni..."

"Nalikumbuka."

"Nisamehe."

"Si mimi wa kuombwa. Mwombe mwenye tarumbeta."

Nikamgeukia Shemeji, uso unaniwaka. Alikuwa anakata mkate. Akagonga sikio lake kwa kidole. "Hiki kifaa kibovu," akasema. "Hapo katikati sikusikia kitu." Akanipa kipande.

Baada ya chakula Dada alishusha mashine kutoka kabatini, akaivua kitambaa, akaiunga na redio yao. Spika zake ni ndogo kama matofali, moja inakoroma. Akaweka ile ya kinanda na zeze. Nikamwambia, "Hapa kuna kengele. Mimi sizijui." Shemeji akasema yeye hajui hata zeze liko wapi.

Dada akakaa katikati yetu, akainua kidole kama mwalimu.

"Ngoja. Kinanda bado peke yake. Sasa zeze, hilo unalisikia. Sasa... hizo hapo! Ndogo, ndogo sana, kama mtu anamimina mchele kwenye bakuli la kioo, nyumba ya tatu. Zimekwisha. Zinarudi. Moja tu. Imening'inia. Bado... bado... basi."

Tulikuwa tunatazama kidole chake. Shemeji alikuwa amefumba macho kama Bwana Masikio. Mimi nilimtazama Dada, namna shingo yake inavyoinuka kidogo kila zinapolia. Kwa hiyo najua zinalia mara nne.

Wakati wa kuondoka akaanza kuiviringisha waya. "Ichukue. Spika ziko kwako. Hapa inakula vumbi."

"Ikae," nikasema.

"Umeanza kiburi tena?"

"Siyo kiburi. Nikiichukua, hatutakuwa na haja ya kutafutana tena. Nitanunua yangu. Nikija hapa nije kwako, si kwa mashine."

Akaendelea kuiviringisha waya kidogo, kisha akaifungua.

Jumamosi, 4 Mei

Dukani. Bwana Masikio hakuwepo, ashukuriwe Mungu. Nilimwambia mwenye duka, "Siku ile nilikudanganya. Kengele sikuzisikia. Nina karatasi ya daktari."

Akavua miwani ya puani, akavaa ya kichwani. "Mama, mimi nina miaka sitini na nane. Sijazisikia tangu nifungue hili duka. Nilidhani unazisikia wewe, nikaona aibu."

Tukatazamana.

"Basi mtu kama mimi anachagua nini?" nikamwuliza. "Nichukue yoyote ile? Nirudi nyumbani nisikilize redio?"

"Hebu niambie, unasikia nini?"

Akaiwasha ile nyeusi. Nilisikiliza bila kukaza shingo. Nikamwambia nasikia vidole vya mpiga kinanda vikitua kabla ya sauti. Nasikia mpiga zeze akivuta pumzi. Nasikia chumba walimokuwa, kwamba kilikuwa kikubwa na sakafu yake ni ya mbao. Kisha akaiwasha ile mpya. Pumzi ipo, lakini chumba kimekuwa kidogo. Safari hii sikuona aibu kulisema. Alichukua boksi la ile nyeusi akaanza kulifuta vumbi.

Amenikumbusha kwamba leza ikichoka tena, vipuri ni vya kutafuta kwa tochi. Nimesema tutachoka pamoja. Amenirudishia na mwavuli wangu.

Jumatatu, 6 Mei

Daktari wa meno amefunga taa nyekundu juu ya tanuri. Inawaka kama jicho la mgonjwa. Nimempa majibu yangu, ameyasoma, ameyaweka kwenye faili, akanipa meno ya juu ya mama mmoja anayeolewa.

Jumanne, 7 Mei

Nimesikiliza diski tatu jioni. Ni nzuri. Mara mbili niligeukia kiti cha pili.

Jumapili, 12 Mei

Jua, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Dada amekuja peke yake saa nane mchana, hakubisha hodi, ingawa ufunguo hana. Nilikuwa nimeacha mlango wazi. Alizunguka vyumba vyote akikagua, akanitoa kasoro kwenye mapazia, akaigonga mashine kwa ukucha, akasema ni pana mno. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akavua viatu.

Aliniambia Shemeji amepata kazi ya ukaguzi kwenye machimbo mengine, mbali, safari ya siku nzima. Watahama mwisho wa mwezi ujao. Alisema haraka, akitazama spika.

"Mashine mtaibeba?" nikauliza.

"Tutaibeba."

"Nami nitakuja kwa nauli yangu."

"Utakuja lini?"

"Mkishapanga vitu."

"Hatupangi bila wewe. Unajua sijui kupanga."

Nikaweka mojawapo ya zile saba, ambayo kwa miezi tisa haikuwa na mashine ya kuisoma. Trei ikaingia taratibu. Sauti ya mwanamke ikaanza, peke yake, chini, pale masikio yangu yalipo mazima. Niliisikia yote, hata midomo ikifunguka. Katikati ya wimbo wa pili nikageuka nimwambie hivyo.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea pembeni, mdomo wazi kidogo, miguu yake imevimba kwa safari. Dada amezeeka. Nami pia.

Nikapunguza sauti nukta mbili asishtuke. Nikasogeza kiti changu karibu, kwa taratibu, mpaka mkono wa kiti ukagusa mkono wa kiti chake, nikaisikiliza mpaka mwisho.